Mtoto Yupi?

Nina rafiki Malindi ambaye Kiitaliano chake kimenyooka kuliko Kiingereza changu. Hakukisomea popote. Alikiokota ufukweni tangu akiwa kijana mdogo, akiuza vikoi na vinyago, neno hili kwa mteja huyu, neno lile kwa mteja yule, mpaka kikamjaa mdomoni. Juzi tulikuwa tumekaa kwa mama mmoja tunakula viazi karai, akaanza kunisimulia habari za Ötzi, yule maiti aliyekutwa na wapanda milima kwenye barafu ya Alps mwaka 1991, mtu aliyeishi zaidi ya miaka 5,000 iliyopita.

Kila kitu anakijua. Anajua kwamba jamaa alikuwa na chale mwili mzima, kwamba kabla ya kufa alikula nyama ya mbuzi wa milimani, kwamba alichomwa mshale begani kutoka nyuma. "Kaka, yule aliuawa, hakufa vivi hivi." Anajua hata kwamba Italia na Austria zilipima mpaka upya ili ijulikane maiti ni wa nani, na ikaonekana yuko upande wa Italia kwa mita 92 na kitu. Mteja wake mmoja ndiye aliyemhadithia, kwa fahari, kama mtu anayemsema babu yake.

Nilimsikiliza mpaka akamaliza. Kisha nikamwuliza, "Na Mtoto je?"

"Mtoto yupi?"

Sikumlaumu, na sitamlaumu hapa. Lakini swali lake limenikaa rohoni, kwa sababu Mtoto ni wa Kilifi hii hii, kaunti moja na kile kibanda cha viazi. Mtu anaishi karibu na moja ya makaburi muhimu zaidi duniani, na anachokijua ni kaburi la barafu la Ulaya. Kuna aliyelala kazini hapo, na si mchuuzi wa vikoi.

Basi nianze na Mtoto mwenyewe, maana ukiuliza barabarani utajibiwa kama nilivyojibiwa.

Ndani ya vilima vya mawe ya chokaa, kama kilomita 15 kutoka baharini, kuna pango linaloitwa Panga ya Saidi. Si panga la kukatia nazi; kwa Kimijikenda, panga ni pango. Mwaka 2010 Makumbusho ya Taifa ya Kenya pamoja na watafiti wa taasisi ya Max Planck ya Ujerumani walianza kuchimba pale. Mwaka 2013 wakaona vipande vya mifupa. Mwaka 2017 wakafikia shimo lenyewe, kama mita tatu chini ya sakafu ya leo ya pango. Mifupa ilikuwa imeoza kiasi kwamba ukiigusa inakuwa unga. Ikabidi wafunike bonge zima la udongo kwa plasta na kulibeba lilivyo hadi Nairobi, na baadaye Burgos, Uhispania, likafunguliwe polepole maabara.

Ndani yake alikuwa mtoto wa miaka miwili na nusu hadi mitatu. Habari ilitoka Mei 2021 katika jarida la Nature: alizikwa miaka 78,000 hivi iliyopita, na ndilo kaburi la zamani zaidi la binadamu wa aina yetu linalojulikana Afrika. Wakampa jina la Mtoto.

Sikiliza alivyozikwa. Shimo lilichimbwa makusudi. Alilazwa ubavu wa kulia, magoti yamekunjwa kuelekea kifuani. Mabega na mbavu zake zilikaa kwa namna inayoonyesha kwamba sehemu ya juu ya mwili ilikuwa imeviringishwa kitu, pengine ngozi, pengine majani. Kichwa chake kilikuwa kimeinama kama kwamba chini yake palikuwa na mto, na mto ulipooza kichwa kikashuka. Kisha akafukiwa haraka, asiachwe wazi kwa wanyama.

Ubavu wa kulia. Sanda. Kichwa kimewekewa kitu. Yeyote wa pwani aliyewahi kushuka kaburini kumpokea marehemu na kumlaza kwenye mwanandani anaijua kazi hiyo kwa mikono yake. Sisemi walikuwa na dini yetu, usinicheke. Nasema kwamba kuna mtu, hapa Kilifi, kabla ya dini zote tunazogombania, alimwekea mwanawe mto ili shingo isiumie. Hebu nitajie kitu kingine kutoka mbali kiasi hicho ambacho unakielewa bila kufasiriwa.

Sasa tuje kwenye ugomvi wangu.

Nilivyofundishwa mimi shule, pwani hii haina asubuhi mpaka chombo kitie nanga. Walikuja Waarabu, walikuja Waajemi, mwaka 1498 akaja Vasco da Gama na Malindi ikampokea. Kila mwanzo wetu una tanga. Sisi wenyewe tumo kwenye hadithi kama watu waliosimama ufukweni wakisubiri kupewa historia. Hata Gedi, mji uliojengwa kwa mawe ya hapa, James Kirkman alipouchimba kuanzia mwaka 1948, kitabu chake cha 1954 kiliuita kwenye jalada mji wa Waarabu. Utafiti wa chembe za urithi uliotoka mwaka 2023, wa mifupa ya watu wa miji ya zamani ya pwani, Mtwapa ikiwemo, umeonyesha kwamba mama zao kwa sehemu kubwa sana walikuwa Waafrika, na damu ya Uajemi iliingia zaidi kupitia wanaume, tangu karibu mwaka 1000. Chombo kilifika, hilo halina ubishi. Lakini kilimkuta mwenye nyumba nyumbani.

Mtoto anausogeza mwanzo mbali kuliko ubishi wote huo. Udongo wa Panga ya Saidi umebeba matabaka ya miaka 78,000: vifaa vya mawe, shanga za maganda ya mayai ya mbuni, udongo mwekundu wa kupakia rangi, shanga ya kombe la baharini ya zaidi ya miaka 60,000. Kombe lilibebwa kutoka pwani mpaka bara, likatobolewa, likavaliwa. Kuna mtu alijipamba hapa kabla ya neno "pwani" kuwepo.

Najua mwingine ameshaanza kuandika jibu: huyo Mtoto si wetu, Wamijikenda na Waswahili tulifika juzi tu, lugha zetu hazina hata robo ya umri huo. Kweli kabisa. Mtoto si Mgiriama, si Mswahili, na kwa hakika si Mkenya. Lakini Ötzi naye si Mwitaliano. Taifa la Italia lilizaliwa mwaka 1861. Walipomchunguza tena chembe zake za urithi, ilionekana mababu zake kwa sehemu kubwa walikuwa wakulima waliotoka Anatolia, Uturuki ya leo. Hilo halikumzuia mteja wa rafiki yangu kumsema kama babu. Waitaliano hawakumpata Ötzi kwa damu. Walimpata kwa kumtunza: wakapima mpaka, wakajenga makumbusho Bolzano, yakafunguliwa mwaka 1998, wakamwekea chumba chenye baridi ya nyuzi sita chini ya sifuri, na wakawafundisha watoto wao kumsimulia. Na sisi mlango huo uko wazi, ila hatujaingia.

Wapenda rekodi nao wana lao. Watakwambia Mtoto hana ajabu, kwa sababu makaburi ya zamani zaidi yako ukingoni mwa Mediterania: Skhul na Qafzeh, kule Israeli, ambako binadamu wa aina yetu walizikwa kati ya miaka 90,000 na 130,000 iliyopita. Ni kweli. Kisha wanauliza kwa sauti ya upole: mbona Afrika, alikozaliwa binadamu, ina makaburi ya kale machache hivyo? Je, kuzika wafu kulianzia kwingine?

Hapo ndipo napandwa na hasira, maana jibu limelala wazi. Skhul ilichimbwa miaka ya 1930. Mapango ya Balzi Rossi, mpakani mwa Italia na Ufaransa, yalikuwa yanachimbwa tangu karne ya 19, na mtawala wa Monaco alitia mfuko wake na kufungua jumba la makumbusho mwaka 1902. Ni zaidi ya miaka mia ya majembe, brashi, maabara na ruzuku, mwambao mzima, pango kwa pango. Panga ya Saidi ilianza kuchimbwa mwaka 2010. Pango moja, miaka michache, na tayari limetoa kaburi lililobadilisha vitabu. Ukitazama ramani ya makaburi ya kale, kwa sehemu kubwa unatazama ramani ya majembe: palipochimbwa ndipo palipoonekana. Joto na mvua zetu huozesha mifupa, nalo nalikubali. Lakini mifupa iliyooza hadi unga ilionekana Panga ya Saidi kwa sababu palikuwa na mtu amepiga magoti na brashi anaitafuta.

Tazama pia kilichokwisha kuonekana. Baada ya Mtoto, kaburi linalofuata kwa umri Afrika ni la mtoto mchanga wa Border Cave, Afrika Kusini, miaka kama 74,000. Linalofuata ni Taramsa, Misri, na huyo naye ni mtoto. Watatu, wote wadogo. Labda ni bahati nasibu. Labda kifo cha mtoto ndicho kilichowashinda wazee wetu kukubali mikono mitupu. Ili tujue tunahitaji makaburi zaidi, na ili tuyapate tunahitaji mapango zaidi. Mapango yenyewe je, yatatusubiri?

Mawe ya chokaa yaliyomhifadhi Mtoto ni mawe yale yale yanayotengeneza saruji. Kilifi tunayajua vizuri. Tunaishi kwa mawe. Vijana niliosoma nao wako kwenye timbo tangu alfajiri, wamejaa vumbi jeupe mpaka kope. Vilima vinashuka, malori yanapanda. Sijui pango gani limeshavunjwa na lilikuwa na nini ndani, na hilo ndilo linalonitisha: mashine ya kukata mawe haioni mfupa uliogeuka unga. Haitatoa taarifa. Haitajua hata kwamba ilipita juu ya kaburi.

Wala usidhani Ulaya walizaliwa na akili hiyo. Balzi Rossi hiyo hiyo, mwaka 1892, ni uchimbaji wa mawe uliofichua kaburi lenye watu watatu ndani ya pango la Barma Grande. Mapango mengine pale yaliharibiwa na machimbo kabla mtu hajajua yalichobeba. Walipoteza, wakaumia, wakajifunza. Sisi tuna nafasi ya kujifunza kabla ya kuumia, nayo ni nafasi adimu kwa nchi maskini.

"Njaa haijui akiolojia," ananiambia binamu yangu wa timbo. Hoja yake ni nzito, wala siikwepi. Yeye ana watoto watatu walio hai, na mimi namzungumzia mmoja aliyekufa miaka 78,000 iliyopita. Lakini sijamwambia aache kazi. Kijana wa timbo siye anayetoa leseni, siye anayechora mpaka wa machimbo, na vumbi la mapafuni ndilo fungu lake la utajiri wa mawe hayo. Ninaowasemesha ni wanaotia sahihi. Sheria ya mazingira ya mwaka 1999 inadai tathmini kabla ya kuchimba. Sheria ya makumbusho na urithi ya mwaka 2006 inamtaka anayegundua kitu cha kale atoe taarifa. Vizuri. Nani amemfundisha binamu yangu kitu cha kale kinafananaje? Katika kila tathmini ya vilima vya chokaa, mwanaakiolojia aingie pangoni kwanza, atazame, aandike, ndipo mashine ije. Wiki mbili za mtu mmoja na tochi hazifilisi kiwanda chochote.

Upande mwingine nao wazee wanauliza: kwani lazima mfukue wafu? Waacheni wapumzike. Hili linanigusa zaidi, kwa sababu Panga ya Saidi haikuwa shimo lililosahauliwa. Wenyeji wameendelea kulitumia kwa tambiko zao. Tena watu wa hapa wana kumbukumbu ya wafu kuibwa. Vigango, zile nguzo Wagiriama wanazowachongea marehemu wao wa heshima, viling'olewa na kuuzwa Marekani kama mapambo ya sebuleni. Viwili vilivyoibwa mwaka 1985 vilikuja kupatikana kwenye makumbusho ya huko, na kimojawapo kilirudi kijijini mwaka 2007. Kwa hiyo mzee akimtazama mtafiti kwa jicho la pembeni, ana sababu.

Ila nawaambia wazee wangu kwa heshima: kati ya mwenye brashi na mwenye baruti, anayemsumbua marehemu zaidi ni nani? Na dawa ya wizi ni kulinda, si kunyamaza. Mwenyeji akae mezani tangu siku ya kwanza, aulizwe, aelezwe, alipwe kama mlinzi, na kinachotoka pangoni kirudi kusimuliwa karibu na pango. Kigango hakichongwi ili kifichwe. Husimamishwa ili walio hai wapite wakikumbuka.

Basi nani asimamishe kigango cha Mtoto? Fungua Katiba ya 2010, Jedwali la Nne. Makumbusho yamo kwenye orodha ya kazi za kaunti, kifungu kimoja na kamari, leseni za pombe, sinema na maonyesho ya video. Nimeisoma mara mbili, nikacheka, kisha nikaacha kucheka. Makumbusho ya kale ya umuhimu wa kitaifa ni ya serikali kuu. Kwa hiyo Mtoto yuko katikati, kama mtoto yeyote ambaye pande zote mbili za ukoo zinasema ni wa upande wa pili. Ötzi alipimiwa mita 92 kwa sababu kila upande ulimtaka. Wetu sijaona anayempimia.

Na jambo la mwisho, la sisi tunaoandika. Mtafiti mmoja mkuu wa kazi ile ni Mkenya, Emmanuel Ndiema wa Makumbusho ya Taifa. Jina la marehemu ni la Kiswahili. Lakini hadithi yake imeandikwa kwa Kiingereza, ikasomwa kwa Kihispania na Kijerumani, ikarudi kwetu kama habari ya dakika moja kwenye taarifa ya saa moja jioni, ikapita. Tumetoa jina, tukabakiwa na nini? Tunalalamika kwamba wageni wanatusimulia, na tukipewa hadithi yenye umri wa miaka 78,000, yenye mama, mto na sanda ndani yake, tunairusha kwenye simu na kuendelea na mpira. Nami nimo. Miaka yote tangu 2021, hii ndiyo mara yangu ya kwanza kuiandika.

Jioni ile nilimsimulia rafiki yangu yote, viazi vikapoa. Alikuwa kimya kwa muda. Nilidhani angeniuliza kuhusu miaka, maana 78,000 si namba ya kumeza kwa urahisi. Badala yake aliuliza kama mtu wa biashara, na bado sina jibu la kumpa. Nalipeleka kwa kaunti na kwa Nairobi, lijibiwe na mwenye mamlaka ya kujibu.

"Sasa kesho nikimpata mteja," alisema, "nimpeleke nikamwonyeshe nini?"